Bi Harusi Asiye na Usukani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ameletwa leo saa nne asubuhi juu ya lori, amefungwa nailoni nyeupe kutoka kichwani hadi magurudumuni. Wanafunzi wakatoka madarasani kumtazama. Mmoja akapiga kigelegele. Tangu hapo jina limeshika: Bi Harusi.

Ni mashine ya kukatia nyasi, ya kukaliwa. Mtu hasukumi, anabebwa. Nimemzunguka mara nne, mikono nyuma. Mwekundu. Matairi mawili makubwa nyuma, mawili madogo mbele yanayojigeukia yatakavyo. Visu vitatu tumboni. Usukani hana! Ana vipini viwili tu, kimoja kila upande wa kiti. Dereva wa lori akasema anaweza kugeuka papo hapo aliposimama, bila kwenda mbele wala nyuma. Nikamwambia hakuna chombo cha namna hiyo duniani. Akamwasha, akamgeuza papo hapo.

Miaka thelathini na mmoja nimekata nyasi za chuo hiki. Kumi na miwili kwa fyekeo, kumi na tisa kwa mashine ya kusukuma. Kiti kile ni changu. Hilo halina mjadala.

Saa nane Mkuu wa Chuo ametuita ofisini. Naandika "ametuita" kwa sababu humo ndani nilimkuta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mlinzi wa geti. Ameketi. Mkuu akaingia, naye bado ameketi! Ana miaka tisa getini na sijapata kumwona akisimama kwa ajili ya mtu. Boriti ya geti huiinua kwa kamba aliyoifunga mguuni. Gari likija, hunyoosha mguu; likipita, huukunja. Gazeti halishuki usoni.

Mkuu akasema mkufunzi anakuja kesho. Atatufundisha sisi wawili. Jumamosi ya tarehe kumi na tano tutapimwa mbele ya Mkuu na wajumbe wa bodi. Atakayeshinda atakabidhiwa ufunguo. Atakayeshindwa atakaa getini. Mashine za kusukuma zitauzwa.

Getini! Mimi!

Inasemekana shemeji aliomba nafasi hii kwa barua. Mkuu akanionyesha. Mwandiko mzuri, umelala kidogo kulia. Karatasi yenye mistari ya buluu na ukingo mwekundu. Jioni nimefungua shajara hii: ukurasa wa tarehe ishirini Februari haupo. Nimemuuliza mke wangu. Amesema gundi ya siku hizi haishiki.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkufunzi ni mwanamke. Mrefu, mkavu, buti hadi magotini, kalamu sikioni. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Ufunguo akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Nilidhani tutapanda mara moja. Akasema kwanza tutembee. Tukautembea uwanja wote, mstari kwa mstari, kila mtu na ndoo yake. Nikamweleza kwa heshima kwamba uwanja huu naujua nje ndani. Akasema vizuri, baba, nitembeze basi. Ndani ya saa moja: mawe, waya, kufuli, kijiko, kandambili ya mguu wa kushoto. Ndoo yangu ilijaa kabla ya zao. Nikaona aibu, halafu nikaona fahari, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza.

Akaokota jiwe dogo kama punje ya hindi, akaliweka kiganjani mwangu. Akasema kisu kikilikuta hili, litaondoka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikimbia, na halitauliza mbele yake kuna dirisha au mtoto. Hakupaza sauti. Nimefanya kazi na watu wengi wanaopaza sauti. Huyu ni mwingine.

Mchana tukakalishwa barazani kwenye viti vya darasani, kila mtu ameshika mafagio mawili yaliyosimamishwa. Hayo ndiyo vipini. Yote mawili mbele, unakwenda. Yote nyuma, unarudi. Moja mbele na moja nyuma, unazunguka. Ukiyaachia, unasimama. Wanafunzi wakapita wakicheka. Mmoja akaniuliza kama naelekea mjini, nimpe lifti. Shemeji akasinzia, lakini mafagio hayakutikisika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepanda! Miwani ya kukinga macho, vikinga masikio, buti. Kofia yangu ya pama pia, ile niliyopewa na Mkuu aliyetangulia nilipotimiza miaka ishirini ya kazi. Mkufunzi aliitazama sana. Akasema kitu kinachoweza kupeperuka si cha kuvaa juu ya mashine. Nikamwambia pama haipeperuki, ni nzito. Akaiandika daftarini.

Tulianza visu vikiwa vimezimwa. Nikavisukuma vipini kwa nguvu zangu za kawaida. Bi Harusi akaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, akauelekea ukuta wa maktaba. Mkufunzi hakukimbia wala hakupiga kelele. Akasema, "Achia tu, baba. Ukiachia, anasimama." Nikaachia. Akasimama, hatua moja kutoka ukutani. Basi akanifundisha kushika kwa vidole, si kwa mabega, kana kwamba nimeshika vifaranga wawili nisiotaka wafe. Ajabu! Akaniitika. Nikipunguza kidogo kushoto, anakuja kushoto. Nilikwenda na kurudi nikiwa na tabasamu ambalo sikulitaka.

Ndipo Mkuu akapita. Nikainuka kumsalimu. Injini ikazima.

Nikawasha. Akapita mkutubi. Nikainuka. Ikazima. Akapita mama mfagiaji, aliyenizidi miaka miwili. Ikazima. Akapita mganga wa zahanati ya chuo. Ikazima. Mkuu akarudi. Ikazima. Mara tano! Mkufunzi akaniambia nikae, baba, kaa tu. Lakini hakuwa amemaliza kusema, na mimi nilikuwa nimeshasimama ili nimsikilize vizuri.

Zamu ya shemeji. Mkuu akapita tena. Shemeji akanyanyua kidevu, akasema shikamoo Mkuu, akaendelea na safari. Injini haikukohoa. Mkufunzi akasema, "Huyu kiti kinampenda." Aliposhuka, shemeji akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, mashine inakuogopa au inakudharau?"

Kuna hujuma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Upelelezi. Nimejificha nyuma ya tangi la maji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nimwone shemeji akitia maji kwenye petroli. Hadi saa nne hakuwa amefanya lolote. Akili ilinirudia baadaye: shemeji hafanyi lolote, ndivyo alivyo. Hujuma ingemlazimu anyanyuke.

Nikamwendea fundi wa karakana. Alicheka hadi akashika meza. Akakiinua kiti, akanionyesha kidude cheusi kidogo chini yake. Swichi. Uzito wa mtu ukiwa juu, injini inaishi. Mtu akiondoka, injini inakufa na visu vinasimama, ili anayeanguka asikutane navyo.

Nilikitazama kidude kile kwa muda mrefu. Nani aliwaza jambo hili? Mtu mmoja, mahali fulani, aliketi akafikiria miguu ya watu asiowajua na hatawajua. Hakujulishwa jina langu, lakini miguu yangu aliifikiria. Nilivua kofia. Naam, nilimvulia kofia, peke yangu, karakanani.

Kisha nikaanza kuwaza namna ya kumshinda.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Njia rahisi kwanza: kutosimama. Nimeshindwa. Magoti yangu hayanisikii. Yalifunzwa na marehemu baba, na yeye alitumia fimbo. Mkubwa akipita, yananyooka yenyewe. Mimi napata habari baadaye. Na hata yangenisikia! Mtu mzima amsalimu mkubwa wake makalio yakiwa yametulia kwenye kiti? Wataniuliza nililelewa na nani.

Njia ya pili: miwani myeusi, nisione anayepita. Nilikwenda vizuri raundi mbili. Mkuu akakohoa. Nikainuka kuuelekea mti. Ikazima. Mkuu akamuuliza Mkufunzi kama mzee ana tatizo la macho.

Njia ya tatu ilikuwa ya busara. Nikamwomba Mkufunzi anifunge mkanda kiunoni ili nisiweze kuinuka. Alinisikiliza mpaka mwisho; ana adabu hiyo. Akasema zipo mashine zenye upinde wa chuma nyuma ya dereva, na kwenye hizo mkanda ni lazima. Hii yetu haina upinde. Ikipinduka, aliyefungwa anakwenda chini pamoja nayo. Kwa hiyo hapana.

Shemeji akasema kamba ya geti ipo, kama nataka kufungwa kama mzigo wa kuni. Watu wakacheka. Hata Mkufunzi akageuza uso.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku njema. Naiandika yote nisije nikaisahau.

Tumefundishwa mteremko unaoshuka bwawani. Mkufunzi akasema mashine hii ni hodari kwenye tambarare na ni mjinga kwenye mteremko. Tairi za mbele hazishiki kitu, zikianza kuteleza hakuna wa kuzizuia. Kwa hiyo karibu na maji tunaacha ukanda mpana mara mbili ya upana wa mashine, na ukanda huo utakatwa kwa fyekeo kama zamani. Akauliza ukanda uanzie wapi. Shemeji akaonyesha kwa kidole. Mimi nikasema hapana, uanzie hatua tisa juu zaidi, kwa sababu mvua ikinyesha maji hupita chini ya nyasi pale na udongo huwa uji kwa siku tatu bila kuonekana. Nikamwonyesha pia kifuniko cha kisima cha zamani, kimefunikwa na nyasi kabisa.

Mkufunzi akachoma fimbo palepale niliposema. Ikazama hadi katikati. Akaitoa, akaitazama, akanitazama. Akasema amefundisha watu wengi kuendesha, lakini uwanja haufundishwi kwa wiki mbili. Akaniita "mwalimu wangu". Mbele ya shemeji!

Kisha nikakata mistari kumi na minne, visu vikiwa vimewashwa, mchana kweupe, hakuna mkubwa aliyepita kwa kuwa ofisi zimefungwa. Imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Nilishuka nikasimama mwishoni, nikaitazama. Harufu ya nyasi. Uwanja niliousukuma kwa kifua changu miaka yote hii, nao hata siku moja haujapata kupendeza hivi.

Siwezi kwenda getini.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepata!

Swichi haimjui mtu. Inajua uzito. Basi uzito ubaki, mimi niinuke. Takia! Takia lililojaa mchanga. Nalikalia; nikiinuka, linabaki kunishikia nafasi. Heshima imetimia na injini inaishi. Nashangaa mtengenezaji mwenyewe hakuliwaza.

Nimemwambia mke wangu kwamba kiti kile kinanivunja mgongo, anishonee foronya ya takia, kitambaa kigumu, pamba nitajaza mwenyewe. Akaacha kila kitu. Akashona mchana kutwa. Akatarizi maua mawili pembeni bila kuombwa. Akasema anaona nimepungua wiki hii. Nilikaribia kumweleza ukweli. Nikajizuia.

Shemeji akaja kula. Akala chakula cha watu wawili, akaniambia kwamba getini kuna upepo mzuri sana mchana na kwamba kile kiti ameshakilainisha kwa ajili yangu. Mke wangu akamwambia aache utani. Akauliza, kwani kuna utani? Akaondoka na bakuli la mboga. Bila kusimama, ningeandika, kama ingewezekana.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Majaribio. Mkufunzi alikwenda ofisini kusaini karatasi, akamwachia fundi ufunguo ili abadilishe oili. Nikamwambia fundi aende akanywe chai, nitamlindia.

Takia la kilo sita: nimeinuka, injini imezima. Kilo nane: imesitasita, imezima. Kilo kumi: nimeinuka, nimevua kofia, nimeinama, nimemsalimu Mkuu ambaye hakuwapo, nimeketi. Injini inaunguruma kama paka aliyeshiba!

Nimejificha nyuma ya mapipa nikacheka peke yangu. Kuna watu huzaliwa na akili, wengine huzaliwa mashemeji.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Leo Mkufunzi ametufundisha jambo analolifanya kila asubuhi kabla mashine haijatoka. Anawasha, anakaa, halafu anajinyanyua makusudi kidogo. Injini ikizima, mashine ni nzima. Isipozima, mashine haitoki siku hiyo, hata angekuja nani.

Shemeji akauliza kwa nini ukali wote huo kwa kidude kidogo. Mkufunzi akakaa kwenye nyasi. Akasema baba yake alikuwa mkata nyasi. Swichi yake ilikuwa inasumbua, akaifunga kwa waya. Miezi minane hakuna kilichotokea, na kila siku alikuwa akijisifu. Mwezi wa tisa alishuka kuondoa tawi, mashine ikiwa hai. Sasa anatembea kwa magongo, naye ndiye aliyemtuma binti yake akasomee kazi hii, akamwambia, nenda ukawaambie wenzangu.

Shemeji alitazama chini. Mimi nilifuta machozi, sioni haya kuliandika. Mwanamke wa ajabu. Baba wa ajabu. Nikampa mkono, nikamwambia maneno yake nitakwenda nayo kaburini.

Hata hivyo, yeye alitumia waya. Langu ni takia. Ni mambo mawili tofauti.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepiga pasi shati. Nimepiga mswaki kofia. Nimepima takia: kilo kumi kamili, na konzi moja ya mchanga ya ziada kwa ajili ya bodi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Viti viliwekwa kivulini kando ya uwanja. Mkuu katikati, wajumbe sita wa bodi, wafanyakazi nyuma, mke wangu miongoni mwao. Mkufunzi akatembea uwanja na ndoo, akamkagua Bi Harusi, akajinyanyua makusudi, injini ikazima. Safi.

Shemeji akatangulia. Nilikuwa tayari kumcheka. Akaenda taratibu, akageuka bila kuchuna nyasi, akazima visu kabla ya kuvuka kokoto, akaviwasha tena alipovuka. Alipoipita safu ya viti aliwanyanyulia kidevu. Wajumbe wakatabasamu. Alipomaliza akarudi kwenye kiti chake, akajilaza, akafunga macho. Ni lazima niseme kweli: aliendesha vizuri.

Zamu yangu. Mkufunzi alikwenda mwisho wa uwanja na bendera yake ya kijani. Nikasubiri anipe mgongo. Takia likatoka chini ya koti, likatua kitini. Nikatua juu yake.

Mistari! Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama rula. Baadaye niliambiwa mjumbe mmoja alimuuliza mwenzake yule mzee ametolewa wapi. Kwa mbali bendera ya kijani ikapanda: vizuri, endelea. Mstari wa nne ulipita mbele ya viti, hatua ishirini kutoka kwa Mkuu. Bodi nzima ilikuwa ikinitazama. Magoti yakanyooka.

Nilisimama. Mkono wa kulia ulivua kofia. Wa kushoto, kwa bahati mbaya, ulibaki kwenye kipini.

Hili lilikuwa somo la kwanza kabisa la mafagio, tulilofundishwa barazani. Kipini kimoja mbele, kingine kimeachiwa. Bi Harusi akazunguka papo hapo, kama alivyozunguka siku aliyoletwa. Mimi sikuzunguka naye. Niliondoka upande wa kushoto, nikakaa kwenye nyasi kwa kishindo, mzima. Yeye akasimama kwa kuwa vipini vimeachiwa. Lakini hakuzima. Takia lilikuwa limekaa mahali pangu kwa utulivu ambao mimi sijapata kuwa nao. Visu vilikuwa vinavuma, mkono mmoja kutoka magotini pangu.

Na kofia yangu ilikuwa imelala ukingoni mwa visu kabisa, upindo wake umeshaanza kuvutwa.

Nikanyoosha mkono kuichukua.

Sikusikia kitu, nilivaa vikinga masikio. Niliona tu vivuli vya miguu ikija mbio, kisha nikavutwa ukosi wa shati kinyumenyume hadi kitufe cha juu kikakatika. Kofia ikaingia peke yake. Ikatoka upande wa pili, vipande vya kahawia, ikawanyeshea wajumbe. Mtu akaruka juu yangu, akazungusha ufunguo. Kimya.

Alikuwa shemeji.

Shemeji alisimama! Si kusimama tu, alikimbia! Miaka tisa, na amesimama kwa ajili yangu. Alikuwa anahema, mikono magotini. Akaniambia, "Shemeji, ungeniachia dada yangu na mume wa mkono mmoja, nani angemkatia kuni?" Halafu akaketi kwenye nyasi palepale, kana kwamba akiba yake ya kusimama imekwisha.

Mkufunzi akafika. Akalinyanyua takia. Akalipima mkononi. Akaona maua yaliyotariziwa. Mke wangu naye akayaona, kutoka alipokuwa. Nilingojea makelele. Hakuna. Akapiga magoti, akaushika mkono wangu wa kulia, akavihesabu vidole vyake kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Kisha akauhesabu wa kushoto. Nilipomtazama usoni nilitamani angepiga makelele.

Ufunguo amepewa shemeji. Mkuu amesema kuhusu mimi ataamua Jumatatu. Huenda nikapumzishwa kabisa.

Tulipofika nyumbani mke wangu akasema alishona kwa ajili ya mgongo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimekaa. Kitako kinauma. Shemeji amekuja, hakula chakula cha watu wawili. Amekula cha mmoja. Amesema Mkufunzi amemwambia aje kwangu kila jioni nimwonyeshe sehemu zote za uwanja zenye maji chini kwa chini, kwa kuwa hakuna mwingine anayezijua. Nimemchorea ramani. Alisikiliza kila neno. Sikujua kwamba anaweza kusikiliza.

Ukurasa mmoja mtupu wa mwisho wa shajara hii umechanwa. Gundi ya siku hizi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Sifukuzwi! Mkuu ameniambia amepokea barua inayoomba nibakizwe getini, yenye saini mbili, mwandiko umelala kidogo kulia. Mkufunzi naye ameandika mistari miwili chini yake. Mistari hiyo sikuonyeshwa. Mkuu alisema tu kwamba mzee anayetakiwa na watu watatu hawezi kuachwa aende. Nilitaka kusimama nimshukuru. Nilikuwa tayari nimesimama. Nikanyanyuka kwa vidole vya miguu.

Kiti cha geti kweli kimelainishwa. Upepo upo. Kutoka hapa uwanja wote unaonekana. Saa tatu shemeji ametembea na ndoo, mstari kwa mstari. Kisha amewasha, amejinyanyua makusudi, injini imezima, amewasha tena, amekwenda. Hatua tisa juu ya pale alipoonyesha kwa kidole siku ile amegeuka, palepale niliposema. Mistari yake imenyooka. Karibu kama yangu. Nilijikuta nimempungia mkono, naye amenyanyua kidevu. Nimekihesabu kuwa salamu kamili.

Sasa kazi. Kamba ya boriti nimekataa kuifunga mguuni. Si jambo la mtu mwenye heshima. Nimeishika kwa mkono. Ukiivuta, boriti inapanda. Ukiiachia, inashuka. Gari la kwanza lilikuwa la Mkuu. Nimeivuta kamba, boriti imepanda, gari limeingia chini yake, Mkuu amenitazama dirishani. Nikainuka. Nikavua kofia, hii mpya ya kuazima.

Kofia huvuliwa kwa mkono. Mkono ulikuwa na kamba.

Bati la juu limebonyea kidogo tu. Fundi anasema litanyooka. Mkuu alifumba macho, kisha akaendelea na safari.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, na tatizo ni dogo sana. Kinachotakiwa ni uzito unaobaki kwenye kamba wakati mimi nasimama. Takia bado lipo, Mkufunzi alilitupa nyuma ya mapipa. Nimelipima tena: kilo kumi na konzi moja, maua hayajachafuka. Kesho alfajiri nitalifunga kwenye kamba. Boriti itabaki juu yenyewe, nami nitasimama kwa mikono yote miwili.

Itakavyoshuka baadaye, nitaliwaza hilo mtu akishapita.